Ile 8 Unaiweka Wapi? Miaka 50 ya Ubishi wa Namba Sita

Chukua karatasi, andika maneno sita: nguvu, wepesi, siha, akili, busara, mvuto. Sasa unapewa namba sita: 15, 14, 13, 12, 10 na 8. Kila neno lipate namba yake, hakuna kurudia. Ile 15 haina presha, unaipeleka kule unakotaka kung'ara. Kazi ipo kwenye 8. Hiyo ndiyo namba ya aibu, na lazima kuna neno moja litaibeba. Unamtoa nani kafara?

Huo ndio mtihani wa kwanza kwa wengi wanaokaa kucheza Dungeons & Dragons siku hizi. Kwa ambaye hajawahi kukutana nao, ni mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika. Skrini haihitajiki. Watu wanne au watano wanakaa, mmoja anakuwa mwamuzi na msimuliaji wa dunia yote, wengine kila mtu na mhusika wake. Ukisema unaruka shimo, unarusha dadu yenye pande 20, unajumlisha na nyongeza iliyo kwenye karatasi yako, kisha mwamuzi anakwambia kama umevuka au ndo basi tena.

Na kama umewahi kukesha kibandani kwenye gemu la mpira, nusu ya stori hii unaijua. Kadi ya mchezaji pale ina namba sita: kasi, shuti, pasi, chenga, ulinzi, ubavu. Zimepangwa kwa adabu kama vile zina uzito sawa. Lakini kila mtu kibandani anajua straika mwenye kasi ya hatari atachaguliwa mbele ya fundi wa pasi anayekimbia kama yuko likizo. Karatasi inasema sawa, uwanja unakataa. Kwenye mchezo wa mezani ni hivyohivyo, ila huku mfalme amepinduliwa mara kadhaa, na anayekaa dampo leo aliwahi kukaa ikulu.

Rudi mwaka 1974, mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani. Mchezo ulizaliwa mikononi mwa watu waliozoea kupigana vita vya mezani kwa askari wadogo wa kuchezea. Majina mawili yalikaa kwenye vitabu: Gary Gygax na Dave Arneson. Ulikuwa kasha lenye vijitabu vitatu, dola 10, nakala 1,000 kwenye toleo la kwanza. Sifa sita zilikuwemo tangu siku hiyo, kwa mpangilio huu: nguvu, akili, busara, siha, wepesi, mvuto.

Kupanga namba hakukuwepo. Zilirushwa dadu tatu za kawaida kwa kila sifa, kwa mfuatano huohuo, na kijitabu kilimpa mwamuzi kazi ya kurusha, wewe ukikodoa macho tu. Wastani wa dadu tatu ni 10.5. Kupata 18 kwenye sifa fulani ni nafasi moja kati ya 216. Ulikuja unataka uwe mchawi, dadu zikakupa akili 6? Pole, beba upanga.

Sasa cheki hili, maana ndipo wengi wanapochanganya historia. Watu wanadhani nguvu ilikuwa mfalme tangu mwanzo. Wapi. Kwenye vijitabu vile vya 1974, mpiganaji mwenye nguvu 18 na mwenye nguvu 3 walipiga upanga sawasawa kabisa. Nguvu ilimsaidia mpiganaji kukusanya pointi za uzoefu haraka, nyongeza ya asilimia 10 kama ana 15 kwenda juu. Akili ilimfanyia hivyo mchawi, busara ikamfanyia kasisi. Wepesi ulikupa +1 kwenye mishale. Siha iliongeza uhai kidogo. Basi.

Sifa iliyokuwa na meno ni ile iliyoandikwa mwisho: mvuto. Kulikuwa na jedwali. Mvuto wa 3 au 4, unaruhusiwa mfuasi mmoja wa maana. Wa 10 hadi 12, wafuasi wanne. Ukipata 17, sita. Ukipata 18, wanaruka moja kwa moja hadi 12. Na mvuto huohuo uliamua kama watu wako watabaki waaminifu au watakula kona mambo yakiwa magumu. Kijitabu kikaongeza na mfano mmoja wa kuchekesha: mvuto unaweza kuamua kama mchawi wa kike aliyemkamata mhusika wako atamgeuza nguruwe au atamloga abaki naye kama mpenzi.

Ili uelewe uzito wa jedwali hilo, kumbuka mchezo ulivyochezwa enzi hizo. Wahusika hawakushuka kwenye mapango wakiwa mashujaa wanne na muziki wa filamu nyuma yao. Walishuka na msafara: washika taa, wapiga mishale wa kukodi, wakati mwingine hata jitu lililoshawishiwa kuhama upande. Mhusika wa ngazi ya kwanza alikuwa anakufa kwa pigo moja au mawili. Kwa hiyo watu wa kusimama mbele yako walikuwa ndio bima ya maisha. Mpiganaji mwenye nguvu 18 na mvuto 4 alikuwa mtu mmoja mwenye misuli. Mwenye mvuto 18 alikuwa kikosi.

Nguvu ilipandishwa cheo mwaka mmoja tu baadaye. Kitabu cha nyongeza cha 1975, Greyhawk, kikaleta mwizi kama aina mpya ya mhusika, na kikaamua nguvu iongeze uwezo wa kulenga na ukali wa pigo. Halafu kikampa mpiganaji zawadi ya pekee: akipata 18, arushe tena dadu za asilimia kuona hiyo 18 yake ni ya kiasi gani. Kwenye kitabu kikubwa cha wachezaji cha 1978, mwenye 18/00, yaani juu kabisa, alipata +3 ya kulenga na +6 kwenye pigo. Upanga mrefu wenyewe unapiga kwa dadu ya pande nane, wastani 4.5. Kwa maneno mengine mkono ulikuwa unaumiza kuliko chuma ulichoshika.

Na nafasi ya kuipata hiyo kwa dadu tatu? Moja kati ya 21,600. Ukiona meza ina wapiganaji watatu wote wana 18/00, kuna mtu amerusha dadu akiwa peke yake chumbani.

Kituko kingine cha vitabu vile ni kwamba katikati hakukuwa na kitu. Nguvu ya 8 na nguvu ya 15 zilipiga sawa. Faida yote ilirundikwa kileleni, kuanzia 16, ikalipuka ukifika 18. Mtu wa kawaida hakuwa na sababu ya kujali ana 9 au 14.

Mwaka 1979 kitabu cha waamuzi kikatoka na njia mpya za kupata namba. Iliyopendwa kuliko zote ni hii: rusha dadu nne, toa ndogo kuliko zote, jumlisha tatu zilizobaki, fanya hivyo mara sita, halafu panga utakavyo. Maneno matatu hayo ya mwisho yalibadilisha kila kitu. Zamani kama mvuto wako ni mbovu, ni bahati mbaya. Sasa ni wewe umeuweka pale. Kabla ya uhuru wa kupanga kulikuwa na sifa dhaifu, ila dampo lilikuwa bado halijajengwa. Dampo linahitaji mtu wa kutupa.

Wakati huohuo msafara ulianza kupungua. Mchezo ukazidi kuwa wa mashujaa wachache wenye historia zao, maadui wao na mapenzi yao, na habari za kuajiri wapiga mishale kumi zikawa za wazee. Lile jedwali la wafuasi lilibaki kitabuni, limejaa vumbi. Mvuto ukawa mfanyakazi ambaye ofisi yake imefungwa lakini jina bado liko mlangoni. Ndipo namba mbovu ya mpiganaji, ya mwizi, ya mchawi, zote zikaanza kutupwa kwake.

Hapo katikati kuna sura ambayo mashabiki wengi hawapendi kuikumbuka.

Mwaka 1976, toleo la tatu la jarida la The Dragon lilichapisha makala ya mwandishi mmoja aliyejaribu kuandika kanuni za wahusika wa kike. Moja ya mapendekezo: kwa wanawake, mvuto uondolewe, uwekwe uzuri. Yaani mwanaume akiwa na mvuto anaongoza watu, mwanamke akiwa nao anatazamwa. Hiyo ilikuwa makala tu ya jarida. Lakini kitabu rasmi cha 1978 nacho kikaweka dari: mpiganaji mwanamke wa kibinadamu hawezi kuvuka nguvu ya 18/50. Mwanaume anaruhusiwa hadi 18/00.

Ukiliangalia haraka unaweza kulichukulia poa, 50 na 100 ni ndani ya 18 ileile. Rudi kwenye jedwali. Mwanamke mwenye nguvu kuliko wanawake wote duniani alipata +1 ya kulenga na +3 ya pigo. Mwanaume wa juu, +3 na +6. Nusu ya pigo, theluthi ya shabaha, na hii kwenye sifa ambayo kitabu hichohicho kilikuwa kimeifanya kuwa mfalme wa mpiganaji. Hoja ya utetezi ilikuwa uhalisia. Kwenye mchezo wenye majoka yanayotema moto na watu wanaofufuka, kitu kilichoshindikana kuaminika kikawa mwanamke mwenye mabega.

Dari lile liliondolewa kwenye toleo la pili la 1989. Uzuri nao ulikuwa umerudi mwaka 1985 kama sifa ya saba, safari hii kwa wahusika wote, na toleo hilohilo la 1989 halikuubeba. Haukuwa na kazi ya kufanya zaidi ya ile mvuto uliyokuwa ukiifanya.

Mapinduzi ya kweli ya hesabu yalikuja mwaka 2000. Kampuni ya Wizards of the Coast ilikuwa imeinunua TSR, waliokuwa wenye mchezo, mwaka 1997, na wabunifu watatu wakapewa kazi ya kuufuma upya. Wakafuta majedwali yote tofauti na kuweka kanuni moja kwa sifa zote sita: 10 au 11 ni sifuri, kila mbili juu ni +1, kila mbili chini ni -1. Hatimaye 14 ikawa bora kuliko 12. Kila +1 kwenye dadu ya pande 20 ni asilimia 5 ya nafasi, na hiyo ni kweli uwe unainua mwamba au unambembeleza mlinzi.

Demokrasia, si ndiyo? Mpaka uangalie bei. Toleo hilo lilikuwa na njia ya kununua namba kwa pointi, na sifa zote sita ziliuzwa bei moja. Halafu geuza kurasa hadi kwa nusu-orki, mhusika aliyechanganya damu ya binadamu na zimwi: nguvu +2, akili -2, mvuto -2. Soma tena. Wabunifu walewale walioandika bei sawa dukani, walipofika kwenye kubadilishana wenyewe kwa wenyewe, walitaka akili na mvuto kwa pamoja ndiyo wakupe nguvu moja. Hakuna ushahidi mtamu kuliko huo. Bei ya rafuni ni moja, ila ya mlango wa nyuma ndiyo ya kweli.

Toleo hilo pia liligawa ulinzi kwa sifa tatu. Siha inakukinga na sumu, wepesi unakukinga na milipuko, busara inakinga akili yako isitekwe. Kumbuka ajabu hiyo: akili ya mhusika inalindwa na busara, akili yenyewe haimo. Sifa tatu zikapata mshahara wa kudumu, tatu zikabaki kutafuta vibarua. Mvuto angalau ulipata mteja mpya, mchawi wa kuzaliwa nao, asiyesoma vitabu, ambaye uchawi wake wote unatoka kwenye haiba yake. Mwaka 2000 ilionekana kama huruma tu. Kumbe ilikuwa mbegu.

Kuna mchezo mwingine uliolitatua tatizo hili kisokoni zaidi. GURPS, uliotoka mwaka 1986, una sifa nne tu: nguvu, wepesi, akili na afya. Toleo lake la nne, la mwaka 2004, liliacha kujifanya. Kuongeza nguvu au afya kwa hatua moja ni pointi 10. Kuongeza wepesi au akili ni pointi 20. Sababu ni kwamba ujuzi mwingi mno unaning'inia kwenye hizo mbili: ukipandisha wepesi umepandisha shabaha, udereva, uchomoaji mifukoni na mengine kibao kwa mkupuo. Kitu kinachofanya kazi nyingi kilipe zaidi. Wauza mitumba wangewaambia hilo bila kuitisha kikao.

Dungeons & Dragons wenyewe walijaribu njia nyingine mwaka 2008: kuoanisha. Ulinzi wa mwili utumie nguvu au siha, yoyote iliyo kubwa. Ulinzi wa kukwepa, wepesi au akili. Ulinzi wa nia, busara au mvuto. Safi sana kwenye karatasi. Mezani watu wakagundua fasta kwamba kama kila jozi inahesabu mkubwa tu, basi mdogo wa kila jozi unaweza kumpiga chini kwa amani. Walitaka kufunga dampo moja, wakahalalisha matatu.

Halafu ikaja 2014, toleo la tano, lile lililoujaza mchezo kwenye YouTube na podikasti. Hapa wepesi ukachukua nchi.

Orodha ya kazi zake inachosha: unakwepa mapigo kwa wepesi, unaamua nani aanze pambano kwa wepesi, unajificha, unachomoa mfukoni, unaruka sarakasi, unakwepa moto wa joka, vyote kwa wepesi. Na silaha nyembamba pamoja na pinde zikaruhusiwa kutumia wepesi kwa shabaha na kwa pigo pia. Nguvu ikabaki na ujuzi mmoja tu kati ya 18: ule wa kupanda, kuogelea na kukabana. Ndiyo, upanga mkubwa wa mikono miwili bado unapiga wastani wa 7 dhidi ya 4.5 ya upanga mwembamba. Lakini angalia deraya. Deraya kamili ya chuma inakupa kinga 18, inataka nguvu 15, inagharimu vipande 1,500 vya dhahabu, na ukiivaa usitegemee kunyata. Mwenye wepesi wa 20 anavaa ngozi yenye vikufu vya chuma ya vipande 45, anapata kinga 17, na ananyata vizuri tu. Tofauti ni moja.

Zaidi ya hapo, kitabu cha waamuzi cha 2014 kina glavu za ajabu zinazokupa nguvu 19 papo hapo, kina na mkanda wa kichwani unaokupa akili 19. Za wepesi hakuna. Nguvu na akili zinapatikana dukani kwa mchawi, wepesi lazima uzaliwe nao. Kwenye gemu la kompyuta la Baldur's Gate 3 la mwaka 2023 mambo ni wazi zaidi: kuna chupa ya dawa ukinywa nguvu yako inakuwa 21 mpaka ulale usiku. Mfalme wa 1978 anauzwa kwenye chupa.

Mvuto nao? Kati ya aina 12 za wahusika kwenye kitabu cha 2014, nne zinauendesha uchawi wao kwa mvuto: mghani, shujaa mtakatifu, mchawi wa kuzaliwa nao na yule aliyeingia mkataba na viumbe wa kutisha. Akili ina mmoja tu kama nguzo yake kuu, mchawi wa vitabu. Aliyekuwa dampo kwa miaka 20 sasa analisha theluthi ya ukoo, na ile 8 ikahamia kwa akili.

Lakini anguko la akili halikuletwa na kanuni peke yake. Kuna kitu kinachotokea mezani ambacho hakuna mbunifu aliyeweza kukizuia. Kama mhusika wako hana nguvu, wewe mwenyewe huwezi kusimama sebuleni ukainua geti la chuma kwa niaba yake. Lakini kama mhusika wako ana akili 8, na mwamuzi ametoa fumbo, kichwa chako mwenyewe kiko palepale na kinafanya kazi. Unalitegua fumbo, watu wanapiga makofi, na karatasi yako inayosema wewe ni mzito wa kuelewa imekaa kimya. Akili ni sifa pekee ambayo mchezaji anaiingiza mezani bila kuilipia.

Mvuto una tatizo hilohilo likiwa limegeuzwa, na hapa ndipo watu huumia kweli. Fikiria kijana mkimya, wa kuongea kwa kuhesabu maneno. Anajenga mhusika mwenye mvuto 18 kwa sababu hicho ndicho anachokikosa. Inafika zamu ya kumshawishi mfalme. Mwamuzi anamwambia, haya, ongea. Anababaika. Mwamuzi anaamua hotuba haikumgusa mfalme. Kijana amelipa bei kamili ya sifa ile, namba kubwa kuliko zote alizokuwa nazo, na imechukuliwa mbele ya macho yake. Pembeni yake amekaa mwenye mvuto 8, mdomo mtamu, anaongea dakika tatu na mlango unafunguliwa bila dadu kurushwa. Wamecheza mchezo mmoja, lakini mmoja wao ameibiwa.

Ndiyo maana swali la sifa ipi ina faida zaidi halijibiki ukiwa na kitabu peke yake. Mwamuzi anayepima mizigo, ambayo kwa kanuni za 2014 ni nguvu yako mara 15 kwa ratili, anairudishia nguvu heshima yake. Asiyepima anaiua. Anayerusha dadu kabla ya hotuba anamlinda yule mkimya. Kompyuta haina upendeleo huo: kwenye Fallout ya 1997 ukishusha akili chini kabisa, mhusika wako anaongea kwa kuguna hadi mwisho wa safari, na hakuna ujanja wako wa sebuleni utakaomsaidia.

Mwaka 2020 ubishi ukatoka kwenye hesabu na kuingia mahali pazito. Kitabu cha 2016 kilichoruhusu watu kucheza kama maorki kilikuwa kimewapa akili -2. Kabila zima, kwa kuzaliwa. Mwaka 2020 kampuni ikakubali hadharani kwamba namna maorki na jamii nyingine za mchezo zilivyochorwa ilifanana mno na namna watu halisi walivyowahi kudharauliwa. Ile -2 ikafutwa, na kitabu kilichotoka Novemba mwaka huo kikaruhusu nyongeza za asili zihamishwe popote. Kitabu kipya cha 2024 kikaenda mbele zaidi: nyongeza zinatokana na maisha uliyopitia kabla ya safari, kama ulikuwa askari au mwanazuoni, na neno la zamani la mbari likaondolewa.

Kuna waliolalamika, na si wote walikuwa na nia mbaya. Walisema kama orki na kibeti wanaanza na namba zilezile, kuna haja gani ya kuwa na orki? Hoja yao ina uzito wake kimchezo. Ila -2 ni asilimia 5 tu kwenye dadu, na bado ilitosha kumfanya mtu aliyetaka kucheza orki msomi aonekane mzigo mezani kabla hajafungua mdomo. Kwa msomaji wa Afrika, ambaye vitabu vya watu wengine vilishawahi kumpangia akili yake kwa kuzaliwa, hilo halihitaji mchoro ubaoni.

Wapinzani wao wa soko, Pathfinder, walifanya jambo la kimyakimya zaidi mwaka 2023: walifuta 18 yenyewe. Hakuna tena 3 hadi 18, kuna +4, +1, -1, basi. Namba zilizorushwa kwa dadu tatu kule Lake Geneva zimeondoka, imebaki faida tu. Na bado kwenye kila karatasi ya wahusika wao kuna mstari mmoja wenye sifuri au -1, na mara nyingi utakuta mwenyewe alishaamua ni upi kabla hajachagua hata jina.

Haya mdau, ile 8 unaiweka wapi? Dondosha komenti, na usiseme akili kwa sababu tu unazo za kwako.